Foki ya Kuteremkia Milima: Krauni Moja au Mbili, Hewa au Springi ya Chuma

Wengi wanaotafuta foki ya kuteremkia huanza na jina la kampuni, halafu mwishoni ndipo wanauliza kama itaingia kwenye fremu yao. Inatakiwa iwe kinyume. Fremu ndiyo inayosema kwanza, uzito wa mwili wako unafuata, kisha aina ya njia unazoteremka. Jina linakuja mwisho, kwa sababu kampuni zote kubwa sasa zinatengeneza foki nzuri. Foki ya bei ya juu yenye springi isiyolingana na uzito wako itakuchosha mikono na kukutoa nje ya kona, ilhali ya daraja la kati iliyopimwa vizuri itakufikisha chini salama.

Hapa tunalinganisha aina nne: krauni moja yenye mwendo mrefu, krauni mbili ya hewa, krauni mbili ya springi ya chuma, na foki iliyopinduliwa. Maneno machache tukubaliane kwanza. Foki ni ile sehemu inayoshika gurudumu la mbele na kumeza vishindo. Krauni ni kipande cha juu kinachounganisha mirija miwili na shina, yaani bomba linaloingia kwenye kichwa cha fremu; krauni moja hushika mirija chini ya kichwa hicho tu, krauni mbili huishika chini na juu yake. Springi ndiyo inayobeba uzito wako, iwe hewa iliyobanwa au koili ya chuma, na dampa ndiyo inayodhibiti kasi ya foki kubonyea na kurudi. Mirija ni ile sehemu laini inayong'aa, ambayo huingia na kutoka. Miguu ni sehemu nene ambayo mirija huteleza ndani yake. Mwendo ni umbali ambao foki inaweza kubonyea. Sagi ni sehemu ya mwendo huo inayoliwa na uzito wako tu, kabla hujagonga jiwe lolote.

## Vigezo tulivyotumia

Fremu. Fungua kitabu cha fremu utafute mambo matatu: mwendo mrefu zaidi unaoruhusiwa, kama krauni mbili zinaruhusiwa, na ukubwa wa beringi za usukani. Fremu nyingi za enduro (baiskeli za kupanda kwa pedali na kuteremka kwa kasi) haziruhusu krauni mbili, na ukizifunga dhamana inakufa. Si ukali wa bure. Foki ya krauni moja hujipinda kidogo inapogonga, na kule kujipinda kunameza sehemu ya kishindo. Krauni mbili hazijipindi kiasi hicho, kwa hiyo nguvu inahamia kwenye bomba la kichwa la fremu na maungio yake. Isitoshe, mirija hupanda sambamba na bomba hilo, na usukani ukikatwa hadi mwisho inaweza kuligonga na kulibonyeza.

Urefu nao una hesabu yake. Kila milimita 10 zinazoongezeka kati ya ekseli na krauni hulaza pembe ya mbele kwa takribani nusu digrii na kuinua ekseli ya pedali kwa milimita tatu hivi. Milimita 10 baiskeli inazivumilia. 30 zinaigeuza kuwa baiskeli nyingine, na kwenye kona kali utahisi gurudumu la mbele linaelea.

Uzito wako. Jipime ukiwa umevaa kofia, kinga na mkoba wa maji, maana ndivyo utakavyoteremka. Kwa foki ya kuteremkia, sagi ya asilimia 15 hadi 20 ni mwanzo mzuri: kwenye mwendo wa mm 200 hiyo ni kati ya mm 30 na 40. Pima ukiwa umesimama juu ya pedali katika mkao wa kuteremka. Ukipima umekaa kwenye kiti, uzito unakuwa umerudi nyuma na namba itakudanganya.

Ugumu wa muundo. Huu ni uwezo wa foki kutojisokota na kutorudi nyuma unapokamata breki juu ya mawe. Muundo mgumu unafuata usukani kwa usahihi. Mgumu kupita kiasi kwa mtu mwepesi unamrusha pembeni kila jiwe linapogusa tairi.

Matengenezo. RockShox huelekeza miguu isafishwe na kuwekwa oili mpya kila saa 50 za kuendesha, na dampa na springi zihudumiwe kila saa 200. Fox huelekeza huduma kamili kila saa 125 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Anayeteremka kwa lifti siku nzima anazifikia saa hizo haraka kuliko anavyodhani, kwa hiyo jiulize mapema nani atakufanyia kazi hiyo na vipuri vitatoka wapi.

Uzito wa foki yenyewe tumeuweka nyuma makusudi. Kwenye kuteremka una umuhimu mdogo, ila kwa anayepanda kwa kukanyaga pedali ni habari nyingine.

## Krauni moja, mwendo wa mm 170 hadi 190

Kundi hili linaongozwa na RockShox ZEB na Fox 38, zote zikiwa na mirija ya mm 38. ZEB inafika mm 190, Fox 38 inafika 180. Uzito wake uko karibu kilo 2.2 hadi 2.4.

Kwenye fremu. Inaingia karibu kila fremu ya kisasa ya enduro, kwa shina lililopanuka chini na ekseli ya 15×110 (unene wa mm 15, upana wa habu mm 110). Usukani unakata hadi popote, jambo linaloonekana dogo mpaka ukwame kwenye kona ya nyuzi 180 yenye mizizi.

Kwenye njia. Inatosha kwa njia nyingi za mabonde na za mbuga za baiskeli. Upungufu wake unaonekana kwenye mteremko mkali wenye mawe mfululizo: ukikamata breki ya mbele, foki hujipinda kurudi nyuma, mirija inabana kwenye bushi (pete za ndani ya miguu ambamo mirija huteleza), na ikibana haibonyei vizuri pale pale unapoihitaji.

Karakana. Huduma ya miguu ni nyepesi. Tatizo lake sugu ni mlio wa kukwaruza pale krauni inapoungana na shina na mirija. Viungo hivyo hubanwa kwa nguvu kiwandani na havifunguki, kwa hiyo vikilegea unabadilisha kipande chote cha juu. Hata mrija mmoja ukichubuka sana, ni kipande hicho hicho kinachoondoka.

Inamfaa nani. Mwenye baiskeli moja ya kazi zote, anayepanda mwenyewe nusu ya siku na kuteremka nusu nyingine. Pia mtu mwepesi asiyetaka muundo mgumu sana mbele yake.

## Krauni mbili ya hewa

Hii ndiyo aina iliyozoeleka kwenye baiskeli za kuteremka tu. Fox 40 ina mirija ya mm 40 na mwendo wa mm 203. RockShox BoXXer ina mwendo wa mm 200; tangu toleo la 2024 mirija yake ni mm 38, ya zamani ilikuwa 35. Marzocchi Bomber 58 ina mirija ya mm 40 na dampa rahisi zaidi ya GRIP, na mara nyingi ndiyo inayompa mnunuzi thamani kubwa kwa pesa aliyotoa. Uzito wa kundi hili ni kilo 2.7 hadi 2.9 hivi.

Kwenye fremu. Inataka fremu iliyoruhusiwa, bila mjadala. Shina lake kwa kawaida limenyooka, inchi 1⅛ juu hadi chini, kwa hiyo fremu yenye beringi ya inchi 1.5 chini itahitaji pete ya kupunguzia. Ekseli ni 20×110. Hapa pana mtego: habu za zamani za 20×110 na zile za 20×110 Boost zinafanana namba, lakini diski haikai mahali pamoja. Uliza neno Boost kabla hujalipa. Stemu inafungwa kwa bolti nne moja kwa moja juu ya krauni ya juu, hivyo stemu yako ya zamani haitatumika.

Kwenye njia. Inashika mstari. Ukiingia kwenye bustani ya mawe kwa kasi, gurudumu linakwenda ulikolielekeza. Faida ya hewa ni kwamba uzito wowote unaupata kwa pampu, na umbo la mwendo unalibadilisha kwa vipande vya plastiki vinavyopunguza nafasi ya hewa ndani. Kama sagi ni sahihi na bado foki inagonga mwisho mara kwa mara, ongeza kipande kimoja. Kama milimita 25 za mwisho hazitumiki hata kwenye kuruka kukubwa, toa kimoja. Usijaribu kutibu kugonga mwisho kwa kujaza hewa zaidi. Utapata foki inayokaa juu, inayoteleza kwenye kona na kuuma mikono.

Udhaifu wa hewa ni sili zake. Kabla foki haijaanza kubonyea ni lazima zishindwe kwanza, na mtu mwepesi anazihisi zaidi. Halijoto nayo ina mkono wake: foki ya psi 80 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa) hewa ikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi hupungua karibu psi 3. Pima asubuhi na upime tena adhuhuri.

Kuna pia hewa inayonaswa ndani ya miguu. Ukipandisha baiskeli kutoka bondeni hadi kileleni, hewa hiyo inabaki na shinikizo kubwa kuliko la nje, inasukuma sili za vumbi na kuifanya foki iwe kavu na ngumu. Fox 40 na matoleo ya juu ya BoXXer yana vitufe vya kuitoa. Bonyeza kileleni, gurudumu likiwa halina mzigo. Ni kazi ya sekunde mbili inayosahauliwa na wengi, kisha lawama anatupiwa dampa.

Karakana. Kazi ni nyingi kidogo kuliko krauni moja, lakini mirija imeshikwa na bolti, haikubanwa kiwandani kwenye krauni ya juu. Mrija ulioharibika unaweza kutolewa peke yake. Kwa anayeanguka mara kwa mara kwenye mawe, hiyo ni akiba ya kweli.

Inamfaa nani. Anayeshindana, anayeteremka kwa lifti au gari, na anayebadilisha njia na hali ya hewa mara kwa mara. Pia baiskeli inayoendeshwa na watu wawili wenye uzito tofauti.

## Krauni mbili ya springi ya chuma

Mfano wa wazi ni Öhlins DH38 m.1 ya koili, yenye mirija ya mm 38 na mwendo wa mm 200. Njia nyingine ni kubadilisha foki ya hewa uliyonayo kwa seti kama Smashpot ya Vorsprung, ambayo huleta pia kizuizi cha hidroliki mwisho wa mwendo.

Kwenye fremu. Masharti ni yale yale ya krauni mbili. Uzito unaongezeka kati ya robo na nusu kilo.

Kwenye njia. Hakuna sili za hewa za kushinda, kwa hiyo foki inaanza kubonyea kwa changarawe ndogo kabisa. Mshiko wa tairi kwenye mizizi yenye unyevu ni jambo unalolihisi ndani ya mita za kwanza. Na kwenye mteremko mrefu haibadiliki, ya juu na ya chini ni foki moja. Upande wa pili, springi ya chuma inapanda kwa mstari ulionyooka: haina ule ukaidi wa mwisho ambao hewa inaupata yenyewe. Mtu wa kuruka sana, kama hana kizuizi cha hidroliki au dampa yenye nguvu, atausikia mwisho wa mwendo mara nyingi.

Kosa linalorudiwa ni kuamini kwamba kibano cha juu cha springi kitarekebisha springi isiyo sahihi. Kibano kinaisogeza sagi kwa milimita chache tu. Ukibana mizunguko mingi na sagi bado imezidi, springi ni laini. Nunua inayofuata kwa ugumu. Kabla ya kuchagua aina hii, hakikisha springi ya uzito wako ipo sokoni kweli, hasa ukiwa chini ya kilo 60 au juu ya 100.

Karakana. Hakuna hewa ya kuvuja upande wa springi. Unasafisha springi, unaipaka grisi, unarudisha. Ikianza kugonga ndani ya mrija, angalia ala yake ya plastiki; imelika.

Inamfaa nani. Mwenye uzito usiobadilika, njia zenye mawe na mizizi, asiyependa pampu. Na yule ambaye mikono yake ya mbele hukaza katikati ya mteremko: kwake koili mara nyingi ni dawa.

## Foki iliyopinduliwa

Hapa mirija iko chini na sehemu nene iko juu. Manitou Dorado, yenye mwendo wa mm 203, ndiyo iliyodumu zaidi katika kundi hili.

Kwenye fremu. Dorado inataka fremu ya krauni mbili. Soma upana wa sehemu nene ya juu na kiasi usukani utakavyokata, kwa kuwa sehemu nene ndiyo iliyo jirani na fremu.

Kwenye njia. Sehemu inayosogea pamoja na gurudumu ni nyepesi, na oili inakaa juu ya sili muda wote, kwa hiyo ulaini wake ni wa kipekee. Haina daraja la kuunganisha miguu miwili juu ya tairi. Kinachoishikilia pamoja ni ekseli tu. Matokeo yake ni kwamba inajisokota zaidi kwenye usukani. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo hiyo, maana gurudumu linajitafutia njia kati ya mawe badala ya kuvuta mikono. Wengine, hasa wazito na wanaoingia kona kwa nguvu, wanaiona haina msimamo.

Karakana. Vikinga vya mirija visiondolewe kamwe, kwani mirija iko kwenye usawa wa mawe. Na jambo la kuangalia kila wiki: sili ikichoka, oili inashuka kwa mvuto hadi kwenye diski na pedi za breki. Ukiona utelezi juu ya mrija upande wa breki, simama hapo hapo. Pedi zilizonyonya oili hazifai kurudishwa.

Inamfaa nani. Mwepesi au wa wastani, anayethamini ulaini kuliko usahihi wa usukani, na ambaye ana uhakika wa vipuri.

## Dampa: usilipie vitufe usivyovitumia

Dampa ya daraja la kati huwa na marekebisho ya kubonyea kwa jumla na ya kurudi. Za juu, kama GRIP2 ya Fox, zinatenganisha mwendo wa polepole na wa kasi kwa pande zote mbili, vitufe vinne kwa jumla. Ni silaha nzuri kwa anayejua anachotafuta. Kwa asiyejua, ni njia nne za kuharibu foki nzuri.

Kumbuka pia kwamba kurudi kunategemea springi. Hewa nyingi inasukuma kwa nguvu, kwa hiyo mtu mzito anahitaji kuifunga zaidi kasi ya kurudi. Mwepesi ana shida ya kinyume: anaweza kufungua kitufe hadi mwisho na foki bado ikarudi taratibu, ikazidi kuzama kila jiwe linapofuata jingine. Huyo asihangaike kubadilisha foki. Fundi wa dampa apunguze sahani ndogo za ndani.

## Siku ya kufunga

Shina likikatwa fupi halirudi. Pima mara mbili, krauni na stemu zikiwa mahali pake. Kwenye krauni mbili, kabla ya kukaza beringi za usukani, legeza bolti za krauni ya juu kwenye shina na kwenye mirija yote miwili. Usipofanya hivyo, bolti ya kifuniko itakazwa bila kubana chochote na usukani utabaki unacheza. Kisha kaza zote kwa spana ya kupimia nguvu, kwa namba za mtengenezaji.

Halafu fanya jaribio ambalo halina mbadala: toa hewa yote (au toa springi), bonyeza foki hadi mwisho, uangalie nafasi kati ya tairi na krauni ya chini. Krauni ikiwa imeshushwa mno kwenye mirija, tairi litaigonga kwenye kishindo kikubwa na gurudumu litasimama ghafla.

Breki nayo: foki yenye kishikio cha mm 200 ikipewa diski ya 203 inahitaji washa za mm 1.5 chini ya kalipa. Unapojaza hewa, simama kila psi 20, ubonyeze foki mara kumi taratibu ili chemba mbili zisawazike. Ukijaza kwa mkupuo mmoja, sagi utakayosoma si ya kweli.

## Kwa hali yako

Kama fremu yako inakataza krauni mbili, uamuzi umeshafanywa: krauni moja yenye mirija ya mm 38, kwa mwendo ambao kitabu kimeruhusu. Usitafute fundi wa kukubaliana nawe.

Una baiskeli halisi ya kuteremka na unashindana kwenye njia tofauti tofauti? Krauni mbili ya hewa ni rahisi zaidi kuirekebisha baina ya mbio. Njia yako ni ile ile kila wiki, mawe na mizizi, na unataka kutoka mlimani mikono ikiwa bado na nguvu? Ijaribu ya chuma, au iliyopinduliwa kama wewe si mzito.

Mwenye zaidi ya kilo 95 na mwendo wa kasi aelekee mirija ya mm 38 au 40 ya krauni mbili, hewa au chuma, na pesa iliyobaki aiweke kwenye dampa. Mwepesi wa chini ya kilo 60 afanye kinyume: ulaini kwanza, ugumu baadaye.

Na bajeti ikikuelekeza kwenye foki iliyotumika, usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Pitisha ukucha kwenye mirija yote, juu hadi chini. Mchubuko unaokamata ukucha ndani ya eneo la kuteleza utakata sili. Shika breki ya mbele, sukuma na kuvuta usukani, kidole kikiwa kwenye maungio ya mrija na mguu: mchezo wa hapo ni bushi zilizolika, na si huduma ya oili itakayouponya. Kisha geuza foki juu chini uangalie bolti za chini ya miguu. Vichwa vilivyoviringika vinaonyesha mtu aliifungua kwa spana isiyo yake, kwa hiyo dai ifunguliwe mbele yako kabla hujatoa pesa.